Filamu ya Pili

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Najua umeshanuna kwa sababu nimekaa wiki tatu bila kuandika, na najua Mama kila siku anakuuliza kama kuna barua, kana kwamba wewe ndiye posta. Mwambie niko salama. Simu zetu zilibaki getini siku ya kwanza, zimefungiwa kwenye droo, kila moja na kikaratasi cha mwenyewe, na tutazikuta siku ya kutoka. Kwa hiyo ni barua tu.

Nyumba hii ya mapumziko iko juu ya bonde. Chumbani tuko wawili, mimi na mwalimu mstaafu wa hisabati ambaye usiku anakoroma na asubuhi ananilaumu mimi kwa kukoroma. Tunaamka, tunatandika, tunafagia veranda, halafu tunakaa kwenye duara kuzungumza. Wenzangu walikuwa wanazungumza. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu. Uliponikuta siku ile nimekaa kwenye ngazi za ofisi siwezi kuinuka, uliona mwenyewe nilivyokuwa, na huku nimeendelea kuwa hivyo hivyo. Kila uso naona umeninunia, hata wa mama anayetugawia chai. Nikifunga mlango siamini kwamba nimeufunga. Nikiona jua siamini kwamba ni jua.

Wiki iliyopita Mnasihi wetu, huyu mama anayetutibu kwa mazungumzo, aliniuliza kwetu tunafanya kazi gani. Nikamwambia marehemu Baba alikuwa na studio ya picha, na sasa inaendeshwa na dada yangu. Akasema, "Basi na wewe piga picha. Usipige watu. Piga ardhi. Ardhi haina uso, haiwezi kukununia."

Nilicheka, Dada. Mara ya kwanza tangu Novemba.

Masharti yake ni picha moja tu kwa siku, kutoka veranda, kila siku kilima kile kile cha ng'ambo ya bonde. Na iwe kamera ya filamu, kwa sababu anasema mtu mwenye ugonjwa wangu ukimpa kitufe cha kufuta atafuta kila kitu. Naomba unitumie kamera moja. Yoyote ile, hata kama ni ya kutupa.

Mdogo wako,
Kitinda


12 Februari

Kitinda,

Marahaba. Nimefurahi kwamba umecheka. Mimi huku nafasi ya kucheka sijaipata, watu wamejaa wanataka picha za pasipoti, na mashine ya kulaminisha imeanza kutafuna vitambulisho vya watu. Mama hajambo. Ana wimbo wake mmoja: mtoto wangu amekula, mtoto wangu amelala? Juzi nikamwambia, Mama, hata mimi ni mtoto wako, na tangu asubuhi nina chai tupu tumboni. Akanijibu kwamba mimi nina nguvu. Basi ndiyo hivyo, mdogo wangu. Mwenye nguvu haulizwi kama amekula.

Kamera hiyo hapo, ni ile iliyokuwa kabatini tangu Baba alipofariki. Mita yake ya mwanga imekufa, kwa hiyo mwanga utaukisia kwa macho yako, na lenzi ina mkwaruzo. Yangu siwezi kuitoa, ndiyo inayotulisha. Nimekuwekea na filamu tatu za nyeusi na nyeupe, za picha ishirini na nne kila moja. Zimepitwa na muda, sitegemei zitoe cha maana, lakini kwa mazoezi zinatosha. Ukimaliza moja nitumie nikusafishie. Chumba cha giza bado kipo, ingawa nimekigeuza stoo ya mabango.

Nikuambie jambo kama mtu wa kazi. Mandhari ni kazi ngumu. Uso wa mtu unausogeza, unamwambia ainue kidevu. Mlima huuambii kitu. Mimi miaka tisa nimezimaliza Jumapili zangu nikipanda vilima na mkoba mgongoni, wenzangu wamelala, na yule Bwana Kalenda hajachukua picha yangu hata moja. Kila mwaka anakuja kutafuta picha za kalenda ya kampuni yao, anazipekua zangu zote, anasema, "Picha zako ni safi sana," anamaliza chai yangu na kuondoka. Kwa hiyo usijipe matumaini makubwa. Piga tu, upone, urudi.

Dada yako


13 Machi

Dada,

Shikamoo. Filamu ya kwanza hii hapa, nimeifunga kwa soksi isivunjike.

Siku nne za mwanzo nilisimama verandani natetemeka, nikabonyeza tu ili niondoke. Siku ya tano mvua ilikatika, mwanga ukaja kutoka ubavuni mwa kilima, na ile njia ya miguu inayopanda mpaka kwenye tangi la maji ikaonekana yote. Nikasahau kutetemeka. Nilisimama mpaka mwalimu wa hisabati akaja kuniuliza kama nimekufa wima.

Sasa kuna jambo ambalo sikukueleza mwanzo. Kila nikishapiga, naandika kwenye daftari nilichokiona. Siandiki nilichohisi, Mnasihi amekataza. Naandika: ukungu chini, mikaratasi... tazama, hata mkono unateleza, mikaratusi sita upande wa kushoto, njia inang'aa, anga nyeupe. Picha zikirudi tunaziweka kando ya daftari, moja moja, tunalinganisha. Ikiwa nilichoandika kipo kwenye picha, basi macho yangu yalikuwa sahihi siku hiyo. Hiyo ndiyo dawa yenyewe, Dada. Kwa mwaka mzima kichwa changu kimekuwa kinaniambia kwamba vitu sivyo ninavyoviona, na mimi nimekuwa nakitii. Picha haina sababu ya kunibembeleza wala ya kunionea.

Kwa hiyo nakuomba uzisafishe kama zilivyo. Usinipambie hata kidogo.

Mdogo wako,
Kitinda


22 Machi

Kitinda,

Picha zako ishirini na nne hizo, zimetoka zote, hata mimi nimeshangaa. Kwa mtu anayeanza si mbaya. Namba tatu umekikata kilima kichwa. Namba tisa imeyumba. Namba kumi na nne imebahatika kupata mwanga. Mwanga ukitaka kumpenda mtu unampenda tu, hata mtoto akibonyeza.

Usikae sana kwenye baridi. Mama anakusalimu kuliko mimi ninavyoweza kuandika, karatasi haitatosha.

Dada yako


8 Aprili

Dada yangu,

Ishirini na mbili kati ya ishirini na nne! Mbili zilizobaki, moja imekatwa na moja imeyumba, hazisomeki, kwa hiyo hatukuzihesabu. Tulikaa na Mnasihi tangu asubuhi mpaka kengele ya chakula. Yeye anasoma daftari, mimi nafunua picha. Ukungu, upo. Ng'ombe watatu karibu na tangi, wapo, tena nilidhani nimewaota. Namba kumi na nne niliandika "mwanga umelalia kilima chote kama shuka", akaniambia hiyo imevuka mpaka, ni ushairi, lakini alipoitazama akasema, haya, tuiache iwe ushairi.

Usiku huo nilifunga mlango mara moja tu. Sikurudi kuutikisa.

Nilimtumia Mama hiyo namba kumi na nne. Ameniandikia kwamba ameitundika sebuleni, juu ya redio, na kila mgeni anaoneshwa.

Filamu ya pili hii hapa. Mnasihi amesema nikilinganisha na hii ikawa sawa kama ya kwanza, mwisho wa Mei natoka. Ofisini wameniwekea dawati langu mpaka Juni, baada ya hapo wanampa mtu mwingine. Kwa hiyo unaona. Yote yako mikononi mwako sasa, mimi nimeshamaliza sehemu yangu, na sina wasiwasi nayo hata kidogo. Nilivyoona ndivyo ilivyokuwa.

Mdogo wako,
Kitinda


17 Aprili

Kitinda,

Picha hizo. Usishtuke ukiziona. Nimezisafisha kama zilivyo, kama ulivyoniomba. Filamu ilikuwa ya zamani, na mwanga haumpendi mtu kila siku. Usikate tamaa.

Dada yako


19 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Wewe ndiye uliyetupokea sote wawili siku za kuzaliwa kwetu, mimi na Kitinda, kwa mikono yako ya ukunga, kwa hiyo acha nikuambie wewe. Nikimwambia Mama ataniita mchawi.

Unaijua ile picha yangu ya kilima iliyokuwa juu ya redio? Ile niliyolala porini siku mbili kuipata, nikarudi na homa? Mama ameishusha. Nimeikuta imeegemezwa ukutani nyuma ya mlango, uso umeangalia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa darasani. Mahali pake pana kilima cha Kitinda. Nikamuuliza Mama kwa nini. Akasema, "Hiki kilima kinanifanya nipumue." Kwa nini changu hakikumfanya apumue, miaka sita?

Hayo ningeyameza. Lakini kabla ya hapo, mwezi wa tatu, Bwana Kalenda alipita kupiga pasipoti. Picha za Kitinda za filamu ya kwanza zilikuwa kwenye kamba zinakauka. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikamwambia atazame mbele, na yeye kila saa shingo inageukia kamba. Mwisho akainuka, akaenda kusimama chini ya namba kumi na nne na mikono nyuma. Hakusema ni safi. Kisha akaniuliza, "Hii umeipiga lini?" Shangazi, kwa sekunde moja nilitaka kujibu kwamba ni yangu. Nikasema imepigwa na mgonjwa fulani. Akaniomba nimwambie huyo mgonjwa kwamba anaitaka kwa jalada la mwaka ujao. Nimekaa na salamu hizo mwezi mzima, sijazifikisha.

Nina wivu. Nimeandika neno lenyewe, na mkono haukukatika. Nimemwonea wivu mgonjwa. Nimempa kamera mbovu, filamu zilizoharibika, akasimama verandani na kandambili zake, akapata nilichokikosa mimi niliyepanda vilima mpaka nimemaliza magoti. Sikumpa kamera ile kwa bahati mbaya, Shangazi. Nzuri ya akiba ilikuwepo.

Filamu ya pili ilipokuja, nilijifungia chumba cha giza, nikaisafisha, nikaichungulia kwenye taa. Ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Anga nyeupe, ukungu umekaa, njia inapanda. Nikaweka karatasi chini ya mashine ya kukuzia. Ilihitaji sekunde nane za taa. Nikaiacha ishirini. Unajua kinachotokea? Picha inageuka usiku. Ukungu unakuwa moshi, njia inamezwa. Nikaitazama ile ya kwanza ikitoka kwenye dawa imekuwa masizi matupu, na nikaona raha. Nikafanya hivyo kwa zote ishirini na nne. Nikamtumia, na negativu, ile filamu yenyewe iliyosafishwa, nimebaki nazo. Nikamwandikia kwamba ndivyo zilivyo.

Sasa silali vizuri. Picha zenyewe ni karatasi tu, ningechapa nyingine. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba ana daftari. Anaandika alichokiona halafu analinganisha na picha, na ndiyo matibabu yake, na ndiyo yatakayoamua kama anatoka. Nilijua, alikuwa ameniandikia. Nilijua nikiwa nahesabu mpaka ishirini.

Niambie nifanye nini.

Mwanao


22 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimesomewa na kijukuu, miwani yangu imevunjika, kwa hiyo ujue siri yako sasa ina masikio mawili ya ziada. Nimemwahidi makofi akifungua mdomo.

Mimi mambo ya picha siyajui. Nimezalisha watoto miaka thelathini na minane na sijaona hata mmoja aliyetoka ameshika wivu mkononi. Mnaukuta nyumbani, na tunaowawekea ni sisi wazazi. Mama yako alikosea kuigeuza picha yako ukutani. Nitamwambia, na atanijibu vibaya kama kawaida yake. Marehemu kaka yangu naye alikosea zamani, alipowagawa, huyu wa ndani ya studio, huyu wa mlangoni. Hayo yote nakupa, ni haki yako.

Lakini ulichofanya hukumfanyia Mama wala Baba. Umemfanyia mtu ambaye ameshika ukuta ili asimame, ukamwondolea ukuta. Mficha maradhi kifo humuumbua, na haya yako yatamuumbua mtu asiye na kosa kabla hayajakuumbua wewe.

Unaniuliza ufanye nini kana kwamba hujui. Mwandikie. Leo. Mwambie neno hilo hilo ulilonipa mimi, usilipunguze. Ukiona haya, andika huku unaona haya, barua haina macho. Mimi sitamwandikia kwa niaba yako. Nikifanya hivyo nitakuwa nimekuokoa wewe tena, na anayetakiwa kuokolewa safari hii si wewe.

Shangazi yako


24 Aprili

Dada,

Shikamoo. Picha zimefika.

Kamera nimempa Mnasihi, atakutumia na filamu moja iliyobaki. Asante kwa kuniazima.

Daftari linasema anga nyeupe. Picha ni nyeusi. Daftari linasema njia inang'aa mpaka kwenye tangi, siku saba mfululizo, na kwenye picha njia haipo. Namba kumi na moja nimeandika kwamba ilikuwa asubuhi angavu kuliko zote tangu nije. Ni usiku, Dada. Tulipofika namba kumi na tano nikamwomba Mnasihi afunge daftari.

Aliniuliza kama inawezekana kosa limetokea kwenye kuzisafisha. Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia dada yangu amefanya kazi hii miaka ishirini, Baba mwenyewe alimfundisha, na dada yangu hakosei.

Kwa hiyo ni mimi. Ile filamu ya kwanza nadhani nilibahatisha tu, au nilikuwa nataka sana kupona nikalazimisha. Mlango nimerudi kuutikisa. Jana niliutikisa mpaka mwalimu wa hisabati akashuka kitandani akanishika mkono, akaukalia mlango mwenyewe.

Mwisho wa Mei sitatoka. Ofisini nimewaandikia kwamba dawati wampe mtu mwingine. Mwambie Mama taratibu, na mwambie ile picha aishushe. Siipendi kuwepo pale inadanganya watu.

Kitinda


28 Aprili

Mdogo wangu,

Usiendelee kusoma ukiwa peke yako. Kamwite Mnasihi akae karibu, au huyo mwalimu wako. Nitakungoja.

Macho yako hayana kosa. Picha zile niliziharibu mimi, kwa makusudi. Zilihitaji sekunde nane chini ya taa, nikazipa ishirini, moja baada ya nyingine, zote, huku nikijua habari za daftari lako. Asubuhi ya namba kumi na moja ilikuwa nyeupe. Njia ilikuwepo siku zote saba, mpaka kwenye tangi. Filamu haikuwa na tatizo, mkono wako haukuwa na tatizo, na mwanga ulikupenda kila siku. Negativu zako hizo hapo, nilizificha. Pamoja nazo kuna picha nilizochapa upya juzi, lakini sikuombi uziamini kwa sababu zimetoka kwangu.

Utauliza kwa nini. Kwa sababu ya wivu. Nimefanya picha miaka ishirini, na kilima chako kimemfanya Mama apumue, changu hakikumfanya. Kwa sababu Bwana Kalenda aliiona namba kumi na nne ikining'inia, akasimama chini yake kama mtu aliye msibani, na akaiomba kwa jalada la kalenda ya mwakani. Sikukuambia. Kwa sababu kila siku nilikuwa nasikia mtoto wangu amekula, mtoto wangu amelala, na nikaanza kukuonea wivu hata ugonjwa wako, Kitinda, na mtu aliyefika hapo ameshafika pabaya.

Nikuambie na lililo baya zaidi, ulijue lote kwa mara moja. Shangazi alinijibu barua yangu akaniamuru nikuandikie siku hiyo hiyo. Barua yake ilifika siku tatu kabla ya yako. Nilikuwa na siku tatu, nikazitumia kulaminisha vitambulisho. Nilijiambia labda hutatilia maanani, labda Mnasihi atagundua, mambo yatajimaliza. Kisha ikaja yako. "Dada yangu hakosei." Nilifunga studio, watu wakiwa kwenye foleni.

Nimekwenda ofisini kwenu. Nilimkuta msimamizi wako, nikamwambia ukweli bila kuupunguza, mbele ya watu wawili wa mapokezi. Amesema barua yako ya kuacha dawati haijapita kokote, iko kwenye droo yake, na itabaki humo mpaka Juni.

Mama nimemwambia. Hajaongea nami tangu juzi. Kilima chako hakijashuka na hakitashuka.

Nakutumia kamera yangu, ile ninayofanyia kazi. Si ya kuazima.

Siombi unisamehe kwenye barua hii. Naomba uchukue negativu, uzishike kwenye mwanga.

Dada yako


5 Mei

Dada,

Shikamoo.

Nilimwita Mnasihi kama ulivyosema. Na mwalimu wa hisabati alikuja bila kuitwa. Picha zako mpya hatukuzifungua, nimezirudisha kwenye bahasha yake. Nilichukua negativu. Baba hakuwahi kuniruhusu kuingia chumba cha giza, lakini nikikaa pale mapokezi kuandika risiti nilikuwa nawaona wewe na yeye mkizishika dirishani na kuzisoma. Penye weusi ndipo palipokuwa na mwanga, siyo? Nikaenda verandani, Mnasihi akasoma daftari. Anga nyeupe, na mimi nikaona weusi mzito juu ya kilima. Njia inang'aa, na mimi nikaona mstari mweusi mwembamba unapanda mpaka kwenye tangi. Zote ishirini na nne. Mwalimu alikuwa anaweka alama za vyema kwa kalamu nyekundu, nadhani alikuwa na hamu nazo tangu astaafu.

Kisha nikalala saa kumi na moja mfululizo. Kisha nikaamka na hasira. Sikumbuki mara ya mwisho kuwa na hasira na mtu asiye mimi. Nilikutukana kwa sauti kubwa bafuni, maneno ambayo sitayaandika kwa sababu wewe ni mkubwa wangu. Mnasihi aliyasikia, akasema ni dalili nzuri.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza kwa ajili ya macho yangu. Mara ya pili na ya tatu kwa ajili ya hasira. Mara ya nne nilifika kwenye lile neno nikasimama hapo. Dada, tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kunionea wivu. Wivu wote nilikuwa nao mimi. Nilikuonea wewe, ulivyokuwa unatoka chumba cha giza na Baba mnanuka dawa, mnacheka mambo ambayo sisi wa mlangoni hatuyajui. Nilidhani mambo hayo yanakwenda upande mmoja tu. Na kumbe wewe, mwenye studio, mwenye nguvu, ulisimama ukahesabu mpaka ishirini kwa sababu yangu mimi. Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikacheka tena, mwalimu akaenda kukaa chumba kingine.

Kamera yako nakurudishia. Ina akili nyingi mno, inaniamulia mwanga kabla sijautazama. Bwana Kalenda mwambie angoje, nitamjibu mwenyewe nikitoka. Filamu zangu kuanzia sasa nitazisafisha mimi, na utanifundisha wewe, humo humo ndani, mlango ukiwa wazi kiasi itakachoruhusu kazi yenyewe. Mama mwambie aongee na wewe. Mwambie ni mimi niliyesema, na akuulize kama umekula.

Sijakusamehe. Nimejitazama vizuri nikaona bado, na naandika hivyo kwa sababu ndivyo ninavyoona.

Jumamosi ya wiki ijayo ni siku ya wageni, saa nne asubuhi. Njoo peke yako. Sijui kama nitakuwa nimeshakusamehe, lakini getini nitakuwepo.

Mdogo wako,
Kitinda